Unga Chini ya Mashua

Sehemu ya Tisa

Bisibisi iliingia mpaka mpini.

Hapo ndipo ukurasa ulipotuishia juma lililopita, na wapo wasomaji walioandika kulalamika. Haya, tuendelee.

Kwa aliyeingia leo: Medina Tahiru, mwanamke wa Koboko mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashua kuukuu katika yadi ya malori pale Vurra, hatua chache kutoka kizuizi cha kuingilia Kongo. Mdogo wake, Hamuza, alikuwa amesimama nyuma yake, kidole tayari kwenye zipu ya mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na thamani yote ya shamba la baba yao. Muuzaji, Kasimiro, alikuwa akitabasamu. Ndipo Medina alipochomeka bisibisi kwenye ubao wa nyuma, ule unaobeba injini.

Kasimiro aliacha kutabasamu.

"Mama," alisema, "umetoboa mali ya mutu."

Medina aliichomoa bisibisi. Ilitoka na uji mweusi unaonuka kama gunia la muhogo lililosahauliwa kwenye mvua. Akaupangusa kwenye nyasi, akamwonyesha nduguye. Nje palikuwa na rangi mpya, nyeupe, ya kupendeza. Chini ya rangi kulikuwa na ngozi ya faiba yenye unene wa ukucha. Na chini ya ngozi, palipotakiwa kuwa na mbao ngumu, palikuwa na uji.

Alimweleza polepole, maana Hamuza alikuwa dereva wa lori na bahari hakuwahi kuiona. Ubao huo utafungwa injini nzito. Siku ya kwanza utashika. Siku ya tano utashika. Siku litakapokuja wimbi kwa nyuma, ubao utaondoka na injini yake, na bahari itaingia mahali ulipokuwa.

Mnunuzi yeyote angefunga zipu. Hamuza hakufunga.

Alisema dada yake ni fundi, na fundi akitaka kitu kionekane kibovu, kitaonekana kibovu. Alisema mashua nzima ina urefu wa hatua tisa, na bisibisi imekwenda moja kwa moja mahali pale pale, kana kwamba ilipaota. Alimkumbusha kuwa huko Koboko, mbele ya shangazi wote, yeye Medina ndiye aliyesema kuwa hakuna mtoto wa baba yake atakayekwenda tena baharini. Kisha akasema neno ambalo katika ukoo wao halikuwahi kusemwa kwa miaka minne.

"Ile ya bwana yako, nani alisema iko mzima?"

Vurra ni mahali pa kelele. Kuna malori, kuna wabeba mizigo, kuna watu wa forodha wanaoita majina ya madereva. Medina hakusikia hata kimoja kati ya hivyo.

Miaka ishirini na miwili aliishi Kilifi, mke wa Mbwana, mvuvi wa maji makuu, yaani wale wanaovuka mwamba na kwenda mpaka nchi kavu isionekane. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kuziba mashua za faiba. Watu hawakununua mashua iliyotumika bila kumwita kwanza. Kesho yake ikiwa Idi, tajiri mmoja alimjia mbiombio akitaka mashua yake iangaliwe. Medina aliiangalia. Aliiangalia kwa macho tu, kwa sababu pilau ilikuwa motoni. Hakugonga, hakuchoma. Akasema ni nzima. Dakika nne zilitosha.

Tajiri yule alimwajiri Mbwana. Siku ya kumi na moja, maili ishirini nje ya mwamba, ubao wa nyuma uliondoka. Walikuwa watatu. Alirudi mmoja, ameshikilia kifuniko cha sanduku la barafu, na mmoja huyo hakuwa Mbwana.

Medina alimaliza eda, akafunga vifaa vyake, akarudi Koboko. Siku hizi huziba matangi ya maji na mabeseni. Alisema hataki kuona tena maji ambayo ng'ambo yake haionekani.

Kwa hiyo swali la Hamuza lilikuwa na jibu, na wote wawili walilijua.

"Mimi," alisema Medina. "Ndiyo maana safari hii nimechoma."

Hamuza alifunga zipu.

*

Walirudi Arua juu ya bodaboda moja, Medina katikati.

Tumtendee haki Hamuza. Hakuwa mpumbavu. Mwaka jana lori lake liliteketezwa na watu wenye silaha katika barabara ya Juba, pamoja na mzigo, naye akarudi nyumbani kwa miguu akiwa na funguo tu. Kazi nyingine hakuijua. Jamaa za marehemu Mbwana kule Kilifi walikuwa na soko la jodari katika mahoteli, lakini hawakuwa na chombo. Mashua za pwani bei yake haishikiki. Hamuza alikaa, akafikiri, akaona kuwa mahali pa kununua mashua ya bahari kwa bei nafuu ni mahali pasipo na bahari. Ile ya Vurra ililetwa na lori kutoka Mombasa kwa ajili ya tajiri wa Kongo ambaye hakutokea kuichukua. Hata Medina alikubali kuwa hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ubao.

Walipofika mjini, dereva wa bodaboda, ambaye alikuwa amesikia yote pale yadini, aliwaambia wasihuzunike. Kule Arua Hill, alisema, kuna mama iko na mashua. Anaweka maharage ndani.

Hamuza alidhani ni mzaha. Medina aliomba uwe mzaha.

Haukuwa mzaha. Mama huyo aliitwa Annet Mindra, muuguzi mstaafu, na alikaa katika moja ya nyumba zile kongwe za mlimani zenye veranda pana. Marehemu mumewe, Acidri, alikuwa fundi wa mitambo katika bandari ya Mombasa kwa miaka ishirini na mitano. Wenzake walipostaafu walirudi na makochi. Yeye alirudi na mashua juu ya lori, na mlima mzima ukatoka kutazama. Akaiweka nyuma ya nyumba juu ya magogo, akaijengea paa la mabati, na kila Jumapili baada ya ibada akawa anaketi ndani na redio yake. Alipofariki, Annet alingoja mwaka mmoja kwa heshima. Kisha akaweka maharage.

Kabla hajawaonyesha, aliuliza mashua itapelekwa wapi. Hamuza akasema baharini. Akauliza bahari ipi. Hamuza akasema ya Kilifi.

"Hapo sawa," alisema Annet. "Wawili walikuja mbele yenu. Moja alitaka kufanya baa. Ingine alitaka kunywesha ng'ombe ndani."

Akawapeleka nyuma.

Ilikuwa ya kijani, au iliwahi kuwa. Rangi ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mgonjwa. Kuku walikuwa wameiheshimu chini na kuidharau juu. Hamuza alipoiona, moyo ulimshuka.

Na moyo wa Medina ulishuka pia, ila kwa sababu nyingine. Yeye aliona omo, ile pua ya mbele, imenyanyuka juu tayari kupanda wimbi. Aliona kuta zinafika kiunoni mwa mtu mzima. Aliona sakafu iliyoinuliwa, yenye matundu ya kutema maji yenyewe, bila mtu kushika kopo. Aliinama akaona tumbo lililochongoka, la kupasua bahari badala ya kuipiga makofi. Aliyeiunda mashua hii alikuwa mtu aliyewahi kuogopa sana majini, na hakusahau.

Akaomba mwiko.

*

Alianza saa nne, asubuhi ile ile. Magunia mawili ya maharage yalitolewa, kisha Medina akaanza kugonga kwa mpini wa mwiko, shubiri kwa shubiri, kutoka omo mpaka tezi, yaani mwisho wa nyuma. Palipo pazima, sauti ni fupi na kavu, kama kubisha mlango wa nyumba yenye watu. Palipooza, ni kama kupiga godoro. Aligonga upande wa kulia. Akagonga upande wa kushoto. Aliingia chini, akagonga akiwa amelala chali, vumbi likimwangukia usoni.

Kila nusu saa Hamuza aliuliza. Kila nusu saa alijibiwa kuwa bado.

Nati zilikuwa zimeliwa na kutu, zitabadilishwa zote. Mipira ya kupitishia mafuta ilikuwa imekauka; itatupwa. Kwenye ukingo palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, wa juu juu, kazi ya asubuhi moja kwa fundi yeyote. Injini ya marehemu ilikuwa imezeeka pamoja naye, na vyovyote vile mashua ya maji makuu huhitaji mbili, kubwa ya kukupeleka na ndogo ya kukurudisha kubwa ikikataa.

Akatoa bisibisi. Akaichomeka kwenye ubao wa nyuma kwa nguvu zake zote. Ikadunda. Akachoma mahali pengine, ikadunda. Mara ya tatu alichoma kama mwenye ugomvi na ubao ule, na mkono ukamuuma kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Kisha akatoboa tundu dogo kwenye sakafu. Chini ya sakafu ya mashua kama hizi hujazwa sponji ngumu, ili hata ikijaa maji isizame. Sponji ikinyonya maji huwa nzito kama udongo, na mashua inageuka jiwe. Iliyotoka ilikuwa kavu. Ilimdondokea kiganjani kama makombo ya mkate.

Tusimfiche Medina. Alitaka kuona kosa. Alikuwa amelitafuta siku nzima kwa bidii ambayo hakuna tajiri aliyewahi kumlipa aifanye, na kila alipogonga na kusikia sauti nzima, alizidi kumwona Hamuza yuko mbali, mahali pasipo na ng'ambo.

Ulibaki mtihani wa maji. Arua haina bahari, na hakuna bwawa lililo karibu la kutosha. Medina akasema basi, kama mashua haiwezi kuingia majini, maji yataingia kwenye mashua. Ikivuja kutoka ndani kwenda nje, itavuja pia kutoka nje kwenda ndani. Aliziba tundu alilotoboa na matundu yote ya kutemea maji kwa vigingi vilivyofungwa kitambaa. Hamuza akachota madumu kutoka tangi la mvua la Annet mpaka maji yakafika katikati ya muundi wa mguu wake. Medina akachora alama ya penseli pale yalipofikia. Kisha akatandika turubai chini ya mashua, kutoka omo mpaka tezi, akaomba unga wa muhogo wa kunyunyiza juu yake.

Annet aliuliza kama huo ni ushirikina.

Medina alimjibu kuwa tone moja la maji halionekani kwenye udongo, lakini kwenye unga haliwezi kujificha. Annet akafikiri, akaenda kufungia kuku, akarudi na beseni la unga. Akasema walale pale pale kwake. Asubuhi wataona pamoja.

*

Alfajiri kulinyesha manyunyu. Saa moja walitoka wote watatu.

Unga ulikuwa mweupe, laini, umetulia. Isipokuwa sehemu moja. Karibu na tezi, chini kabisa ya mgongo wa mashua, palikuwa na duara la unyevu, pana kama kisahani cha kikombe.

Hamuza alichuchumaa. Alilitazama kwa muda mrefu bila kuligusa.

"Basi, dada," alisema. "Nimeona na macho yangu. Ile maneno ya Vurra, unisamehe."

Akainuka, akatoa simu. Akampigia dereva wa lori aliyepatana naye kuibeba mashua mpaka pwani, akamwambia asije. Akapiga ya pili, Kilifi, akasogea mpaka kwenye ua, akazungumza kifupi, akarudi simu ikiwa bado mkononi.

Wakati huo Medina alikuwa akitazama ubavu wa mashua. Ulikuwa na vumbi la miaka sita, na katikati ya vumbi palikuwa na mstari mmoja safi, mwembamba kama uzi, ulioanzia ukingoni na kuteremka mpaka chini. Aliinua macho. Juu ya ukingo, kwenye bati, palikuwa na tundu la msumari, na tundu lile lilikuwa bado linang'aa unyevu wa manyunyu. Akachungulia ndani ya mashua. Maji yalikuwa pale pale kwenye alama ya penseli.

Tone lilitoka kwenye paa. Mashua haikuvuja hata chembe.

Alilijua hilo kwa muda ule ule unaokuchukua wewe kulisoma. Na akanyamaza.

Annet alikuwa ameandaa chai, viazi vitamu na karanga za kusaga. Wakaketi verandani. Medina alimenya kiazi. Akilini alimwona nduguye akiwa na miaka sitini, ana kitambi, anauza vipuri vya pikipiki mjini Koboko na kugombana na wateja. Ilikuwa picha nzuri. Ili itimie, hakutakiwa kufanya lolote ila kuendelea kutafuna.

Hamuza hakula. Medina alidhani ni uchungu wa mashua.

Annet alisema ni bahati mbaya, lakini kitu kibovu ni kibovu; atamwita yule wa ng'ombe. Hamuza akamjibu kuwa hakuna ubaya. Alisema angalau amepata fundi ambaye hasemi uongo, na kwamba jana alimtukana mbele ya watu wa Vurra, hivyo atakwenda mwenyewe kwa shangazi wote kuwaambia.

"Mimi nitaambia watu yote ya Koboko," alisema. "Dada yangu akisema iko bovu, iko bovu. Akisema iko mzima, panda, funga macho."

Medina alikunywa chai. Alijaribu kumenya kiazi cha pili. Akakirudisha kwenye sahani.

"Hamuza," alisema. "Yale maji hayakutoka kwenye mashua."

*

Hakuwa mtu wa kueleza bila kuonyesha. Aliupangusa ubavu kwa khanga, akatandaza unga mpya, akamwomba Annet apande kwenye kinu na kumwaga kikombe cha maji juu ya bati. Wakasimama kutazama. Maji yalipita kwenye tundu la msumari, yakaangukia ukingo, yakateremka ubavuni, yakaning'inia chini ya mgongo kama yanayofikiri, kisha yakadondoka. Duara lilikuwa pana kama kisahani cha kikombe.

"Mashua ni nzima," alisema Medina.

Lilikuwa neno lile lile la Kilifi, na limetoka mdomo ule ule. Safari hii lilichukua siku moja na usiku wake. Alisubiri kusikia limemtua kifuani vizuri, na kwa kitambo kidogo lilitua. Akaanza kutoa maagizo kwa sauti ya kazi: injini mbili, nati zote mpya, jaketi ya kuelea kwa kila mtu na ivaliwe, siyo ikaliwe, watu wanne na asiongezwe wa tano hata akilia, na mashua isivuke mwamba kabla mtu wa nchi kavu hajaambiwa saa ya kurudi.

Aligeuka kuona kama Hamuza anasikiliza.

Hamuza alikuwa anapiga simu. Aliitazama, akapiga tena. Aliiweka sikioni, akaitoa, akapiga mara ya tatu.

Medina alimwambia asihangaike. Dereva wa lori hawezi kuwa amekwenda mbali.

"Siyo dereva," alisema Hamuza.

Akaketi kwenye gogo, simu mkononi, na akaanza kusema habari ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, aliapa kutoisema.

Inamhusu Shafik. Wasomaji wa tangu sehemu ya kwanza wanamfahamu. Mgeni atosheke na hili: ni mwana pekee wa Medina na marehemu Mbwana, ana miaka ishirini na mitatu, amezaliwa Kilifi, na mama yake alimhamishia Koboko ili asiwe mvuvi. Akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Jumapili, mama yake alimwacha nyumbani akisahihisha mitihani.

Hamuza alisema Shafik hayuko Koboko. Jumatatu aliacha kazi. Jumanne alipanda basi. Jana, wakati Medina anagonga mashua kwa mwiko, yeye aliteremka Kilifi.

Alisema pia kuwa wazo la bahari halikuwa lake. Lilikuwa la Shafik tangu mwanzo, na alilishikilia mwaka mzima. Hamuza alimkatalia, akamsihi, akamtisha. Alipoona hazuiliki, aliuza shamba, ili kama ni lazima aende, aende kwenye chombo ambacho mama yake amekipima kwa mikono yake, na mjomba wake awe ndani.

Medina alimsikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, aliuliza jambo moja tu: ile simu ya pili, ya asubuhi, alimpigia nani.

"Shafik," alisema Hamuza. "Nilimwambia mashua inavuja, mambo imekwisha, arudi nyumbani. Akasema harudi. Akasema iko mashua ingine, inatoka leo kufuata jodari, na inataka mtu wa tatu. Sasa simu yake imezimwa."

"Nani ameiangalia hiyo mashua?"

Hamuza alimwangalia dada yake, na Medina akaona kuwa sasa yeye ndiye anayepigiwa hesabu.

"Dada. Ile tundu ya bati. Wewe ulijua saa ngapi?"

"Saa moja," alisema Medina.

Annet, aliyekuwa bado amesimama juu ya kinu na kikombe kitupu, alitazama saa yake ya uuguzi iliyobanwa kifuani. Hakuulizwa, lakini alisema. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika saba.

Medina aliyajua maji ya Kilifi kwa mwezi na kwa tarehe. Miaka minne haikumtoa hilo. Leo bahari itajaa saa tatu, na hakuna nahodha wa maji makuu anayeacha bahari iliyojaa imwache.

Alimnyang'anya nduguye simu. Vidole vyake vilibonyeza namba ambayo havikuibonyeza tangu eda, ya Mwanatumu, mwanamke anayepaa samaki magamba pale pale ufukweni, mahali mashua zinapong'oa nanga.

Iliita. Iliita tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na kabla Mwanatumu hajasema neno, Medina alisikia kwenye simu kamba ya injini ikivutwa mara moja, mara mbili, na injini ikawaka.